Aelezwe Kabla ya Kisu



Kila tarehe 5 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Agata, shahidi wa Sisilia, ambaye kwa mapokeo alikatwa matiti na watesi wake. Ndiyo maana wenye saratani ya matiti humwomba awaombee. Lakini heshima tunayompa shahidi altareni haina budi kumfikia pia mama tunayeketi naye benchi moja.

Mama mmoja, ambaye ameniruhusu kusimulia habari zake, alipasuliwa na kuondolewa uvimbe titini. Alipata mionzi, na saratani haijarudi. Hata hivyo titi lilibaki limebonyea upande mmoja, naye akaacha kwaya kwa kuona haya. Alipouliza kama kuna la kufanya, aliambiwa: “Mshukuru Mungu kwamba u hai.” Neno hilo ni kweli, lakini si jibu.

Jibu lipo. Mwaka 2002 zilitolewa taarifa za uchunguzi uliofuatilia wanawake kwa miaka 20, mmoja wa Milan na mwingine wa Marekani. Zilionyesha kwamba ugonjwa ukiwahiwa, kuondoa sehemu yenye uvimbe na kufuatisha mionzi huokoa uhai sawa na kuondoa titi zima. Basi, kama titi laweza kubaki, ni halali kuuliza litabaki katika hali gani.

Pengo likiwa dogo, huenda lisihitaji kitu. Likiwa kubwa, daktari aweza kuipanga upya nyama iliyobaki katika upasuaji ule ule, na titi la pili likapunguzwa ili yalingane. Aweza pia kuleta nyama na ngozi kutoka mgongoni au ubavuni. Njia nyingine ni kufyonza mafuta tumboni au mapajani na kuyadunga penye pengo, mara nyingi kwa awamu kadhaa. Mfuko wa silikoni hautumiki sana hapa, kwa kuwa mionzi huongeza hatari ya titi kukakamaa. Na asiyetaka kisu tena aweza kuvaa kijazio ndani ya sidiria, au kubaki alivyo. Uamuzi huo nao uheshimiwe.

Jambo kubwa ni wakati. Mwili uliopigwa mionzi hupona kwa shida ukikatwa tena. Mama anayeelezwa baada ya mionzi amekwisha kupoteza njia iliyo nyepesi. Hapo ndipo suala linaloitwa la urembo linapogeuka kuwa suala la haki.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ubatili. Papa Pius XII, akihutubia madaktari wa upasuaji wa namna hii tarehe 4 Oktoba 1958, siku chache kabla ya kifo chake, hakusema hivyo. Alifundisha kwamba uzuri wa mwili ni jema, ingawa si jema la juu kabisa, na kuurekebisha kwa nia njema si kosa.

Wengine watasema kwamba sisi ni maskini, na mionzi yenyewe hupatikana katika hospitali chache. Ni kweli, na kuokoa uhai kutangulie. Lakini kueleza hakumalizi dawa ghalani. Daktari anayesema, “Njia hii ipo, ila hapa hatuna,” amemtendea mgonjwa haki, anayenyamaza amemwamulia. Tena kuipanga upya nyama ya titi hakuhitaji kifaa cha kununua ng'ambo, bali daktari aliyefundishwa.

Basi, viongozi wa Jumuiya Ndogondogo na akina mama wa WAWATA, msimwache mwenzenu aende hospitali peke yake. Aulize kabla ya kupasuliwa: Titi langu litabaki na umbo gani? Laweza kurekebishwa siku hiyo hiyo? Nikingoja, nitapoteza nini? Nanyi waume, mliapa kuwa waaminifu katika afya na katika ugonjwa. Kovu la mkeo lisiwe sababu ya kumpa kisogo.