Vyuo vidogo vya makanisa visiachwe vizame

KWA muda wa miaka saba, serikali iliwapeleka wanafunzi wake katika vyuo vikuu vya kibinafsi na kuahidi kuwalipia. Mpango huo ulianza mwaka 2016, ukasitishwa mwaka 2023 mfumo mpya wa ufadhili ulipoanza kutumika. Tangu wakati huo, kijana anayejiunga na chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo, lakini hana fungu katika ruzuku anayopewa mwenzake wa chuo cha umma. Wengi wanapoujadili uamuzi huo huvifikiria vyuo vikubwa vya Nairobi. Chuo kidogo cha kanisa, kilichojengwa kando ya mji mdogo, husahaulika, ilhali ndicho kitakachoumia zaidi.

Tutazame mfano wa Baraton, chuo cha Waadventista Wasabato kilichoko karibu na mji wa Kapsabet, katika Kaunti ya Nandi. Mwaka 1991 kilikuwa cha kwanza miongoni mwa vyuo vikuu vya kibinafsi nchini kupewa hati ya idhini. Wanaoikumbuka miaka hiyo wanajua jinsi vyuo vya umma vilivyokuwa vikifungwa mara kwa mara kutokana na migomo na ghasia, hata masomo ya miaka minne yakawachukua wengine mitano au zaidi. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili ampeleke mwanawe Baraton hakununua fahari. Alinunua uhakika wa kalenda.

Maisha ya vyuo hivi yana masharti yake. Huko Baraton, Jumamosi ni Sabato wala hakuna masomo, na nyama haipikwi katika maakuli ya chuo. Kwingineko, ibada ni sehemu ya ratiba kama vile mihadhara. Wako vijana wanaokereka, na si ajabu. Kozi nazo si nyingi, na mhadhiri mmoja hubeba mzigo ambao kwingine ungebebwa na watatu. Hata hivyo, darasa likiwa dogo mhadhiri humjua mwanafunzi kwa jina, na anayekosa kufika hutafutwa. Hiyo ni faida ambayo ukumbi wa wanafunzi mia tano hauwezi kuitoa.

Aidha, chuo cha namna hii hakijilishi chenyewe pekee. Mwenye vyumba vya kukodisha, muuza mboga, mwendeshaji wa bodaboda na mwenye duka la kupigisha chapa, wote huhesabu mwaka wao kwa mihula. Wanafunzi wakipungua, mji mzima huhisi.

Swali linaloibuka ni hili: ni nani aliyevifikisha vyuo hivi hapa? Serikali ilipowapeleka wanafunzi, vyuo viliwapokea, vikaajiri wahadhiri na kupanua huduma. Malipo yakachelewa hadi deni likafikia mabilioni ya shilingi. Kisha mlango ukafungwa. Ahadi ni deni, na deni la serikali haligeuki sadaka kwa sababu tu mdai ni kanisa.

Wako wanaohoji kwamba kodi ya mwananchi haifai kugharimia taasisi ya dini. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Deni la huduma iliyokwisha kutolewa sharti lilipwe, iwe aliyeitoa ni padri au mwanakandarasi. Kuhusu ruzuku, serikali yenyewe ilitangaza kwamba mfumo mpya unamlenga mwanafunzi na kumfadhili kwa kadiri ya uhitaji wake. Ikiwa ndivyo, basi uhitaji wa mtoto wa maskini hautoweki anapovuka lango la chuo cha kanisa.

Makanisa nayo yasidhani kwamba kilio kitatosha. Chuo cha Scott, Machakos, kilianza mwaka 1962 kama chuo cha theolojia na hakikupata hati ya chuo kikuu hadi mwaka 1997. Kilidumu miaka hiyo yote pasipo wanafunzi wa kupelekewa na serikali. Vyuo vidogo havina budi kurejelea moyo huo: vifundishe vichache vinavyovimudu, viache kushindana na vyuo vikubwa kwa majina ya shahada, na viwaonyeshe waumini hesabu zao waziwazi.

Wizara ya Elimu, kwa upande wake, itangaze ratiba ya kulipa deni hilo, chuo baada ya chuo. Chuo kisicholipwa hatimaye huzuia vyeti au huwapunguza wahadhiri, na anayeumia ni kijana aliyetumwa huko na serikali yake mwenyewe, akasoma, akafaulu, na sasa anadaiwa karo ambayo hakuahidi yeye kuilipa.