Serikali tatu sawa, lakini nani atamfunga breki mkuu wa wilaya?

Makamanda, kila tukikaa kuzungumzia katiba mpya tunaishia kwenye hesabu: serikali mbili au tatu? Mimi ni wa tatu, wala sifichi. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokabidhiwa Desemba 2013, ilitaka shirikisho: Serikali ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar, na mambo ya Muungano yapungue kutoka 22 hadi 7. Bunge Maalum likaichinja hoja hiyo mchana kweupe mwaka 2014. Hilo tunalijua.

Ila kuna swali huwa tunaliruka. Tukizipata hizo serikali tatu kesho asubuhi, mwananchi akiingia ofisi ya wilaya atakuta nini kimebadilika?

Chukua huku Bara. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, vifungu vya 7 na 15, inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Masharti yapo: awe na sababu ya kuamini mtu huyo atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia, aandike sababu zake, na mtu afikishwe kwa hakimu au aachiwe. Sasa jiulize, ni mara ngapi tumeona mwalimu, muuguzi au diwani anatupwa rumande kwa sababu tu mkubwa kakasirika mbele ya kamera? Hapo amani ipi ilikuwa inalindwa?

Na mkubwa huyo hajapigiwa kura na mtu. Kateuliwa na Rais. Wakati huohuo Katiba hiihii ya 1977, Ibara ya 13(6), inasema mtu ana haki ya kusikilizwa, na Ibara ya 15 inalinda uhuru wake.

Utasema, si aende mahakamani? Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Lakini mwaka 2020 Bunge likabadilisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi. Mabadiliko hayo yakataka ukifungua kesi lazima uape kueleza wewe binafsi umeathirika vipi. Yaani jirani akionewa, wewe ulitakiwa ukae kimya.

Tuangalie walio kwenye shirikisho tayari. Ujerumani ina majimbo 16, kila moja na polisi wake. Katiba yao ya 1949 inasema, ibara ya kwanza kabisa, kwamba haki za msingi zinalibana Bunge, serikali na mahakama moja kwa moja. Ibara ya 104 inakataza polisi kumshikilia mtu kwa mamlaka yao wenyewe kupita mwisho wa siku inayofuata. Uwe Bavaria au Berlin, ni hivyo hivyo.

Nigeria nayo ni shirikisho, majimbo 36. Lakini shirikisho halikuwazuia polisi wa kikosi cha SARS kutesa raia, mpaka vijana wakaingia barabarani Oktoba 2020. Kwa hiyo shirikisho peke yake siyo dawa. Tukiongeza serikali bila kuzibana ofisi, tumeongeza viti vya wakubwa tu.

Ndiyo maana nasema madai yetu yaende pamoja. Tunataka serikali tatu, ndiyo. Tunataka pia vifungu vya 7 na 15 vifutwe, haki ya kumtetea mwenzako mahakamani ilindwe, na katiba mpya itamke wazi kwamba haki za raia zinaibana kila ofisi, ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar.

Kazi ya wiki hii, kijana mwenzangu: soma Ibara ya 12 hadi ya 24. Ni kurasa chache tu. Kisha zitume kwenye kundi la kata yako, maana siku ukisimamishwa mbele ya meza ya mkubwa hutakuwa na muda wa kutafuta kitabu.