HOTIPOTI YA MTORI NA MGONJWA ALIYEPUNGUZWA TUMBO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu yangu, leo nasema na wewe unayejiandaa kwenda kumtazama mgonjwa. Namkusudia mgonjwa mmoja tu, yule aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Sasa wako miongoni mwetu, hapa mjini Pasua na Majengo, na huko juu Machame na Marangu. Wengi wamekwenda na kurudi kimya kimya, kama watu waliofanya jambo la aibu. Zamani habari hizi tulizisikia za India. Miaka hii zinafanyika hapa hapa nchini, Muhimbili tawi la Mloganzila. Wapo wanaowekewa puto tumboni bila kukatwa, likatolewa baada ya miezi, na wapo wanaopunguzwa mfuko wenyewe wa chakula. Leo nasema juu ya hawa wa pili.

Neno langu ni hili: usimlishe. Najua ni neno gumu kwetu. Sisi watu wa Kilimanjaro mapenzi yetu yanapita kwenye sufuria. Mzazi akijifungua, mtori. Mtu akivunjika mguu, mtori. Mama mkwe akilazwa, hotipoti inafungwa kwenye kanga, inapandishwa bodaboda, na anayefika wodini mikono mitupu anaonekana hana utu. Mila nzuri, Allah atulipe kheri kwayo. Lakini kwa mgonjwa huyu hotipoti yako inaweza kuwa madhara.

Sikiliza alichofanyiwa. Upasuaji unaofanywa sana ni wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kiasi cha robo tatu au zaidi, ukabaki mfuko mwembamba mrefu wenye mshono kuanzia juu hadi chini. Mshono ule ni mbichi. Siku ya kwanza anapewa maji kwa kikombe kidogo cha kama mililita 30, anayanywa kwa kuonja onja, na hata hayo yanamshiba. Kisha vinywaji vyepesi, na kwa kawaida hukaa na vya majimaji takribani wiki mbili, ndipo aingie kwenye vilivyosagwa, kisha vilaini. Chakula cha kutafuna kama chetu huja baada ya mwezi au zaidi. Kila hospitali ina ratiba yake, na ratiba ya daktari wake ndiyo inayofuatwa, siyo ya shangazi.

Utaniambia, "Sheikh, mtori si laini?" Laini ndiyo, lakini ndani mna ndizi, nyama na mafuta. Siku yake itafika, uchujwe, upunguzwe mafuta, daktari akiruhusu. Siyo wodini siku ya pili.

Namjua kijana mmoja wa huku mlimani, simtaji. Alilala hospitali vizuri, akaruhusiwa, akafikia kwa ndugu. Mama mdogo wake akamwekea bakuli na kusimama pale pale akimtazama. "Kula mwanangu, umekonda." Kijana kaona haya, kala vijiko sita. Usiku kucha akatapika, na kutapika kwa nguvu ndilo jambo lisilotakiwa kabisa kwa mshono mchanga. Alfajiri wakamrudisha hospitali. Alhamdulillah alipona. Mama yule alilia sana, na mimi simlaumu, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Ndiyo maana naandika.

Imepokewa kwa Tirmidhi na Ibn Majah, kutoka kwa Uqba bin Amir, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuwalazimisha wagonjwa kula na kunywa. Wanazuoni wa hadithi wamezungumza juu ya sanad yake, lakini maana yake sidhani utampata daktari wa kuipinga.

Na dawa zetu je? Asali ni shifaa, tunaamini hivyo. Lakini ni tamu, na aliyepitishiwa njia nyingine ya utumbo akila kitamu anaweza kutoka jasho, moyo ukamwenda mbio na tumbo likamharisha. Habbat soda na tende nazo zingoje. Zamzam ni maji yenye baraka, na maji mgonjwa huyu anapimiwa. Mpe nesi, amtilie katika kile kikombe kidogo.

Jambo jingine linalowashangaza watu wodini ni kumkuta mgonjwa anatembea. Amekatwa asubuhi, jioni anashikwa mkono, anazungushwa koridoni. Nimesikia ndugu wakiwafokea manesi, "Mwacheni apumzike!" Mwache atembee. Mtu mwenye mwili mkubwa akilala kitandani bila kujongea, damu inaweza kuganda miguuni, na donge likipanda mapafuni linaua. Ndiyo sababu huvishwa soksi za kubana na kuchomwa sindano za kuzuia damu isigande. Ukitaka kumsaidia, mshike mkono mtembee naye, umsomee wakati mnatembea.

Atalalamika bega. Usianze kutafuta aliyemroga. Upasuaji mwingi wa aina hii hufanywa kwa matundu madogo, na tumbo hujazwa hewa ili daktari aone. Hewa iliyobaki huchokoza chini ya mbavu, na maumivu yakajitokeza begani. Huisha kwa siku chache, na kutembea kunasaidia.

Ila kuna dalili zisizongojewa: moyo kwenda mbio ametulia, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba. Hapo mshono unaweza kuwa unavuja au damu imeganda. Mwite nesi saa ile ile. Ruqya utamsomea huku anakimbizwa kwa daktari.

Kwa kawaida analala hospitali siku mbili tatu, mambo yakienda sawa. Anayetoka Moshi ana mtihani mwingine: barabara. Kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 500, siku nzima umekaa na magoti yamekunjwa. Usipande basi siku uliyoruhusiwa kwa sababu tu umemkumbuka mkeo. Muulize daktari usafiri lini. Ndugu wa Dar, mpokeeni, maana kumhifadhi mgonjwa hizo siku kuna thawabu kuliko kumtumia nauli. Akisafiri, ashuke kila basi linaposimama, atembee, na wale chipsi kuku wa njiani awaangalie kwa macho tu. Akitokewa na dalili nilizotaja akiwa huku, asisubiri tarehe ya kurudi Dar, aende KCMC au Mawenzi na karatasi yake ya ruhusa mkononi. Na asijinunulie diklofenaki duka la dawa kwa maumivu, dawa za jamii hiyo zinaweza kumtia vidonda ndani. Aulize kwanza.

Sasa ulimi. Huu unaumiza kuliko kisu. "Si angefunga tu Jumatatu na Alhamisi?" "Uvivu huo." "Anabadilisha maumbile ya Allah." Ndugu yangu, anayefanya kwa kutafuta umbo la picha peke yake, hilo mimi siliungi mkono, na madaktari wenyewe wana vigezo. Kigezo kilichozoeleka miaka mingi ni uzito kwa urefu kufika 40, au 35 pamoja na ugonjwa kama kisukari. Mwenye urefu wa sentimita 160, hiyo 40 ni kama kilo 102. Huyo amebeba kisukari, presha na magoti yasiyorukuu. Kujitibu tumeamrishwa. Kaburi na aliyemo wanajua wenyewe, na mwili wa mwenzio usiujadili kwenye kundi la WhatsApp la msikiti. Akikwambia kwa siri, ni amana. Nawaambia hasa akina mama, ingawa wanaume nao siku hizi hawajambo.

Swala. Aliyepigwa nusu kaputi akipitiwa na wakati, akizinduka analipa. Vidonda viko tumboni, na tumbo si kiungo cha udhu, kwa hiyo udhu wake uko pale pale. Shida ni mkono wenye dripu. Apanguse juu ya plasta, na kwa madhehebu yetu ya Shafi aongeze tayammum. Kuinama kukimtia kizunguzungu au kuvuta mshono, aswali amekaa kwa ishara. Imran bin Husayn aliruhusiwa hivyo kwa bawasiri tu. Kukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa maradhi, mashuhuri kwetu hairuhusiwi, lakini Imamu Nawawi mwenyewe aliona kauli ya kuruhusu ina nguvu. Mwenye dhiki achukue.

Na Ramadhani, maana imekuwa ndiyo swali la kwanza kuulizwa. Mfuko ule mdogo hauwezi kupokea maji mengi kwa mkupuo. Anahitaji kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Akifunga miezi ya mwanzo anakauka, maana kati ya futari na daku hawezi kufidia. Ni mgonjwa, ana ruhusa, atalipa siku nyingine daktari wake akishamruhusu. Mwenye nyumba asimwonee haya kumwekea chupa yake ya maji mezani mchana wa Ramadhani.

Wallahu a'lam. Maswali ya uzazi baada ya upasuaji huu, maana madaktari hutaka mwanamke asubiri mwaka mmoja au mmoja na nusu kabla ya kubeba mimba, muulizeni daktari kwanza, kisha mniletee jawabu lake tulitazame kisheria.