Mwizi Ana Kitambulisho

Jumapili iliyopita nilitulia kanisani mpaka mahubiri yalipofika katikati. Mhubiri mgeni, kijana aliyebanwa kwapani na suti ya buluu, alikuwa akitufafanulia ule mfano wa arusi ya mwana wa mfalme katika Mathayo, ambapo mgeni mmoja anakutwa hana vazi la arusi, anafungwa mikono na miguu, anatupwa nje gizani. Akataka mfano wa siku hizi. Akaupata. "Ni kama mtu anayekwenda benki kufungua akaunti bila kitambulisho," akasema. "Mlinzi atamtoa nje! Na wapendwa, tuambizane ukweli, zama hizi asiye na kitambulisho ana la kuficha."

Watu wakacheka, wakaitikia amina. Mimi nilimfikiria shangazi yangu, ambaye hana kitambulisho, na kitu pekee anachokificha ni ugoro.

Kwanza huyu ndugu aurudie mfano wake. Walioalikwa mwanzo, wenye mashamba na biashara zao, ndio walioikataa arusi. Mfalme akatuma watumishi kwenye njia panda wamlete yeyote watakayemkuta, wema kwa waovu, na ukumbi ukajaa. Sijasoma popote kwamba mtumishi alisimama mlangoni akidai nakala mbili za kitambulisho, picha mbili ndogo na barua ya serikali ya mtaa.

Lakini sina ugomvi na mtoto wa watu. Alilolisema ndilo linalosemwa kwenye daladala, redioni, na kwenye dawati la kwanza la kila tawi la benki: kwamba kitambulisho chenye picha ndicho kinachomtenga mwaminifu na mwizi, na mlango huo ukilegezwa fedha za watu zitaliwa. Basi ngoja nisimulie habari za fedha zilizoliwa.

Shangazi anaishi uwanda wa Makonde, kule ambako maji ni ya kuhangaikia na korosho ndiyo mshahara. Alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, mwaka anaoutaja kwa njaa iliyokuwapo. Cheti cha kuzaliwa hana. Msimshangae: sensa ya 2012, miaka hamsini baada ya uhuru, ilikuta Tanzania Bara watoto wa chini ya miaka mitano wenye cheti ni kama asilimia 13 tu. Ikiwa watoto wa enzi za simu walikuwa hivyo, bibi wa enzi za koroboi mlitaka awe nacho kutoka wapi? Shule aliachia darasa la pili. Tena uwanda ule unatazamana na mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji, kwa hiyo kila anapoketi mbele ya meza ya usajili huulizwa babu yake alizaliwa upande gani. Yeye hujibu kwamba babu alizaliwa kabla ya pande.

Mwaka 2018 bei za wanunuzi zilikataliwa na wakulima, serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na ikatangazwa kwamba fedha zitaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mkulima. Nia ilikuwa njema, kumkwepa mtu wa kati. Shangazi alikuwa na kilo 240. Pigeni hesabu: shilingi 792,000. Akafunga safari hadi benki na barua ya mtendaji wa kijiji, yenye mhuri, akisindikizwa na kiongozi wa chama cha msingi ambaye amemjua tangu yuko shule. Binti wa dawatini alikuwa na adabu zote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, bila kitambulisho chenye picha mfumo hautanikubalia."

Mfumo! Nchi hii siku hizi haina mameneja, ina mfumo. Mfumo uko chini, mfumo haujarudi, mfumo umegoma, subiri mfumo. Ukimuuliza mtu amri hiyo imetoka kwa nani, anageuza macho kwenye kioo cha kompyuta kama muumini anayetazama kibla. Nimewahi kupanga foleni saa tatu kulipia ankara ya maji kwa sababu mfumo ulikwenda kula. Hayo ni ya siku nyingine.

Ikapatikana suluhisho la kifamilia. Korosho zikaandikwa kwa jina la binamu yangu, mwenye akaunti. Binamu huyu ana kitambulisho cha taifa, ana leseni ya udereva, ana kadi ya mpiga kura, na katika picha zote tatu ametoka vizuri. Fedha zilipoingia akapanda kijijini na shilingi 400,000 na doti moja ya kanga. Zilizobaki, akasema, ni makato. Sijawahi kusikia benki inayokata karibu nusu ya fedha za mteja, ingawa naelewa kwa nini shangazi aliamini.

Sasa nijibuni, mliocheka kanisani. Kati ya hao wawili, benki ilimfungia nani mlango, na ikamfungulia nani?

Mkitaka twende juu zaidi, twende. Mwaka 2005 kampuni 22 zilichota takriban shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya madeni ya nje, ile EPA, ndani ya Benki Kuu yenyewe. Januari 2008 gavana akaondolewa na baadaye kesi zikaanza. Je, mlisikia hata mmoja aliyechota kwa barua ya mtendaji wa kijiji? Walikuja na makaratasi: usajili, mihuri, mikataba ya kuhamisha madeni, mengine yakabainika kuwa ya kughushi. Makaratasi ndiyo yaliyowafungulia mlango. Huko Ulaya, tawi la Estonia la Danske Bank lilipitisha kama euro bilioni 200 kati ya 2007 na 2015, sehemu kubwa zikiwa za kutiliwa shaka. Nina hakika hakuna mkulima wa korosho aliyepita pale.

Au tuache benki, tushike simu mliyonayo mfukoni. Mnakumbuka mbio za kusajili laini kwa alama za vidole? Zilianza Mei 2019, mwisho ukawa Desemba 31, ukasogezwa mpaka Januari 20, 2020, kisha laini zikaanza kuzimwa. Tuliambiwa matapeli wamekwisha, maana kila namba sasa ina mwenyewe, ana kitambulisho, ana kidole. Jana tu nimepokea ujumbe unaonielekeza ile pesa niitume kwenye namba nyingine, jina litakuja la mtu nisiyemjua. Namba hiyo imesajiliwa. Ina kidole cha mtu. Waliozimiwa laini ni kina shangazi, ambao hata kuandika ujumbe hawajui.

Mwizi ana kitambulisho. Ndicho chombo chake cha kazi, kama jembe kwa mkulima. Mwizi asiye na kitambulisho huishia kuiba kuku.

Meza yetu ya kahawa ina mtaalamu ambaye kila nikifungua kinywa hunijibu kwa herufi nne: FATF. Kwamba Oktoba 2022 kile kikosi kazi cha kimataifa cha utakatishaji fedha kilituweka kwenye orodha ya kijivu, tukahangaika mpaka Juni 2025 tukatolewa, na leo nataka turudishwe kwa huruma zangu za kijijini. Nimejaribu kuliona jambo hilo: wakubwa wamekaa Paris, wameahirisha ajenda ya magaidi na wauza unga, wanajadili magunia matatu ya korosho ya shangazi. Mtaalamu wetu hajasoma kwamba chombo hicho hicho mwaka 2013 kilitoa mwongozo wa kuwaingiza watu wa chini kwenye huduma za fedha, kikaeleza kwamba pale hatari ilipo ndogo masharti yanaweza kulegezwa. Hakusoma kwa sababu yeye ana akaunti tatu.

India walielewa. Kule mtu asiye na hati yoyote inayokubalika anaweza kufungua akaunti ndogo. Anabandika picha yake mwenyewe kwenye fomu, anatia saini au dole gumba mbele ya ofisa wa benki, basi. Ulinzi wameuweka kwenye mipaka: salio lisizidi rupia 50,000, kutoa kwa mwezi kusizidi 10,000, kuingiza kwa mwaka kusizidi laki moja. Mwizi wa maana atafanya nini na akaunti hiyo, aweke nauli? Mpango wao wa Jan Dhan ulioanza Agosti 2014 umeshavuka akaunti milioni 500. Wengi walikuja na namba za Aadhaar, kitambulisho chao cha taifa, najua, msiniandikie barua. Nasema juu ya mlango mdogo ulioachwa wazi kwa waliobaki.

Na huu utii wetu kwa kadi tumeupata wapi? Kenya, chini ya Mwingereza, ilitungiwa sheria mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea abebe kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu ya mwajiri wake, ndani ya kijikopo cha chuma shingoni, kama kengele ya mbuzi. Mpaka leo Mkenya akikuomba kipande anataka kitambulisho. Mwingereza huyo huyo, kwao, alivifuta vitambulisho vya wakati wa vita Februari 1952. Alipojaribu kuvirudisha kwa sheria ya 2006, wananchi walipiga kelele na sheria ikafutwa baada ya miaka michache. Benki za huko humpokea asiye na pasipoti wala leseni kwa barua ya idara inayomlipa posho. Barua! Yetu yenye mhuri wa kijiji ikasukumwa pembeni kama karatasi ya maandazi.

Kule Kwale, Wamakonde wenzake shangazi, watoto na wajukuu wa watu waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kenya miongo mingi bila kuhesabiwa Wakenya. Hawakuwa na kipande, kwa hiyo hawakuwa na akaunti, wala laini ya simu ya majina yao. Wakijiwekea akiba, walijiwekea kwa jina la jirani. Oktoba 2016 wakaamua kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi, wakafika Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Miaka yote ile, kwa mahesabu ya mhubiri wetu, walikuwa na la kuficha. Walichokuwa wanakificha ni fedha zao wenyewe, chini ya godoro, maana hapakuwa na pengine pa kuziweka.

Marehemu baba yangu alikuwa na kitabu cha akiba cha Posta. Alipokifungua alitambulishwa na mwalimu mkuu wake, aliyetia saini kuthibitisha kwamba huyu ni fulani na anafahamika. Picha haikuwamo. Na wanawake wa kijiji kwa shangazi wana kikoba hadi leo: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na kila Alhamisi wanahesabu mbele ya wote. Hakuna anayeonyesha kadi. Mtu anayekujua mpaka jina la mama yako, na shamba lako linaishia kwenye mwembe upi, kadi ataitakia nini? Binamu yangu hawezi kuingia kwenye kikoba kile. Aliomba. Wakamtazama, wakaendelea kuhesabu.

Tena picha yenyewe ni ya kutuchekesha tu. Toeni vitambulisho vyenu mjitazame. Mimi changu nafanana na mtu anayetafutwa. Dawatini hakuna anayeitazama. Anatazama namba, ile ya tarakimu 20, na kuna watu waliosubiri kadi miaka wakiwa na namba peke yake kwenye kipande cha daftari, na akaunti zikafunguka vizuri. Benki zenyewe zimeshakiri kwa vitendo kwamba sura si kitu. Kinachotakiwa ni namba, na kidole kikubali.

Na hapo kwenye kidole ndipo shangazi alipofika mara ya mwisho. Baada ya yale ya binamu, tulimchangia nauli, tukamtafutia mashahidi wawili wenye umri mkubwa kuliko wake, akajibu tena maswali ya babu. Safari hii alikubaliwa. Akaweka vidole kwenye mashine. Mashine ikanyamaza. Akavifuta kwenye kanga, akaweka tena. Akapakwa mafuta, akapakwa ndimu. Hakuna kilichosomeka. Mafuta ya ganda la korosho yana ukali wa kuunguza ngozi, na yeye amebangua kwa mikono yake tangu kabla sijazaliwa. Ncha za vidole vyake ni laini kama kijiko cha zamani.

Kijana wa mashine alimwonea huruma kweli. Akamwambia bibi aende nyumbani, avipumzishe vidole mwezi mzima, asiguse korosho hata moja, alama zitarudi.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Oktoba, na mikorosho imeanza kudondosha.