Fundi Atakuja Lini?

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Usemi huo wa kale unafaa hata kwa jambo hili jipya linaloingia majumbani mwetu, yaani kuvuta intaneti ya nyumbani. Kila kampuni ni njema siku ya kuuza. Wema wake wa kweli hujulikana siku mtandao unapokatika, fedha ya mwezi imekwisha kulipwa, na mtoto ana kazi ya kumpelekea mwalimu kesho asubuhi.

Wazazi wetu hawakuwa na taabu ya kuchagua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, simu za waya nchini ziliachwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu peke yake. Aliyetaka simu aliomba, akangoja. Leo mambo ni kinyume. Shirika la Mawasiliano, TTCL, linauza huduma ya mkongo iitwayo Faiba Mlangoni Kwako, na kampuni za simu za mkononi nazo zinauza ruta za kuweka sebuleni. Kila muuzaji hukutajia kasi na bei. Ni wachache mno watakaokuambia fundi wao huchukua siku ngapi kufika. Basi hilo ndilo lakupasa kuuliza kwanza.

Anza na jirani, tena jirani wa jengo lako hilo hilo. Katika ghorofa za Kariakoo wapangaji wengi huweza kutegemea waya mmoja unaopanda na ngazi. Kampuni inayosifiwa Upanga yaweza kuwa dhaifu Gerezani. Usimwulize jirani kama mtandao wake una kasi. Mwulize ulipokatika mara ya mwisho alimpigia nani, alijibiwa nini, na fundi alifika baada ya siku ngapi.

Pili, piga simu ya huduma kwa wateja kabla hujawa mteja, na upige Jumamosi usiku, si Jumanne asubuhi. Angalia utangoja kwa muda gani. Kisha uliza: Nikitoa taarifa ya hitilafu, nitapewa namba ya kufuatilia? Fundi hutoka siku za Jumapili na sikukuu? Siku nitakazokosa huduma, nitafidiwa? Ukijibiwa vizuri, omba uonyeshwe majibu hayo yameandikwa wapi katika mkataba. Ahadi ya wakala mwenye haraka ya kamisheni haitakusaidia baadaye.

Tatu, soma mkataba. Ruta ni mali yako au ya kampuni? Ukihama chumba, utalipa upya gharama ya kufungiwa? Kifurushi kinachoitwa hakina kikomo, je, hupunguzwa kasi ukikitumia sana? Fahamu pia kwamba kasi hutajwa kwa megabiti, ilhali ukubwa wa filamu hutajwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, filamu ya gigabaiti moja huchukua kama dakika 13 kupakuliwa, hata kama kampuni haina kosa lolote.

Haki itendeke pande zote mbili. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha, ruta huzimika ingawa mtandao ni mzima. Tena tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, intaneti ikazorota nchini mwetu na katika nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna fundi wa mtaani awezaye kuiponya. Lakini kampuni njema hutangulia kumweleza mteja kilichotokea. Haimwachi akizima na kuwasha ruta tangu alfajiri.

Ukipuuzwa, usinung'unike barazani tu. Peleka malalamiko kwa kampuni kwa maandishi, utunze namba na tarehe. Wasipokuridhisha, nenda Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo husimamia Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa kwa ajili ya kuwatetea watu kama wewe.

Mwisho, usishawishiwe na punguzo ukalipia miezi sita kwa mkupuo. Lipa mwezi mmoja, uwapime. Fedha hiyo imetoka katika mshahara uleule unaonunua unga na kulipa kodi ya chumba, na mteja ambaye bado hajalipa miezi ijayo husikilizwa upesi zaidi kuliko yule aliyekwisha kulipa yote.