Mtani Asiyejua Kuwa Anataniwa

Ndugu msomaji, utani una masharti yake. Mpare akimwambia Mchagga kuwa sarafu ikianguka kaburini marehemu atafufuka kuifuata, na Mchagga akamjibu kuwa kwao Upareni ugali huliwa huku samaki akitazamwa tu ukutani, hakuna kati yao atakayekwenda mahakamani. Mnyamwezi na Mzaramo nao, tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, wamekuwa wakitupiana maneno hata msibani, mahali ambapo mtu mwingine angepigwa bakora. Sharti la kwanza ni kwamba wote wawili wajue kuwa ni watani. La pili ni kwamba mtani anaweza kuondoka na kuku wako, lakini shamba lako haligusi.

Leo napenda nikueleze habari za majirani wawili wa mbali ambao wanalivunja sharti la kwanza kila siku, na ambao juzi juzi walikaribia kulivunja la pili. Nao ni Mkanada na Mmarekani.

Wakanada ni yapata milioni 40, na Wamarekani ni kama milioni 340. Mpaka wao una urefu wa kilometa 8,891, na Wakanada walio wengi wamejazana karibu na mpaka huo kama watu wanaoota moto. Wanatazama sinema za Marekani, wanasikiliza muziki wa Marekani, na wanazungumza Kiingereza ambacho mgeni hawezi kukitofautisha na cha Marekani (nawaacha kando Wakanada wa Quebec, wasemao Kifaransa, maana hao wana utani wao wenyewe na Wakanada wenzao, na ukurasa huu hautoshi). Mkanada amekariri orodha ndefu ya mambo yanayomtofautisha na jirani yake, na kila akiifikiria hucheka. Mmarekani hana habari kwamba orodha hiyo ipo. Anataniwa usiku na mchana naye amelala fofofo.

Mwaka 1969 Waziri Mkuu Pierre Trudeau aliwaambia Wamarekani, huko huko kwao Washington, kuwa kukaa jirani nao ni kama kulala kitanda kimoja na tembo: hata awe mpole namna gani, kila akijigeuza au kukoroma wewe utajua. Wakanada waliipenda kauli hiyo, na wangali wakiirudia. Sisi ambao tembo hutulia mahindi shambani tunaielewa pengine kuliko waliohutubiwa.

Basi Mkanada utamtambuaje? Mwambie ahesabu alfabeti. Akifika mwisho atasema "zed", kama mwalimu wetu wa darasa la tatu alivyotufundisha. Mmarekani atasema "zii". Jambo dogo, utaniambia. Lakini mzazi wa Toronto akimsikia mtoto wake, aliyeshinda mbele ya televisheni, akimalizia kwa "zii", hushtuka kama mzazi wa Tanga aliyemsikia mwanawe akisema "mimi iko nakuja". Katika tahajia napo Mkanada hutia herufi "u" katika neno la Kiingereza la rangi, kama Mwingereza, kwa kuwa ni Mmarekani Noah Webster, katika kamusi yake ya mwaka 1828, aliyeikata herufi hiyo ili taifa lake changa lisiandike kama mkoloni wake wa zamani. Lakini usimwone Mkanada kuwa ni Mwingereza aliyepotea njia. Neno la tairi la gari analiandika kama Mmarekani. Amechukua kwa mjomba na kwa binamu, akashona joho lake.

Neno ambalo limempatia sifa dunia nzima ni "sorry". Ukimkanyaga Mkanada mguu ndani ya basi, yeye ndiye atakayeomba radhi. Wamarekani, wale wachache walioliona hilo, hulifanyia mzaha, wakidhani Mkanada ni mtu wa kujishusha na kukiri makosa asiyoyatenda. Hapa, ndugu msomaji, nasi tuna neno la kusema. Kiswahili kina "samahani" na kina "pole", na mtoto wetu wa miaka mitano anajua kuwa haya ni mambo mawili. Jirani akijikwaa, unamwambia pole, ingawa jiwe hukuliweka wewe. Akifiwa, pole. Akiwa na kazi nyingi, pole kwa kazi. Kiingereza hakina neno la namna hiyo, na Mkanada amelibebesha lile moja mizigo yote miwili. Ukimwambia Mmarekani pole kwa Kiingereza kwa kuwa amejikwaa, aghalabu atakujibu kwa mshangao kuwa halikuwa kosa lako. Mimi naona kuwa Mkanada, katika theluji yake yote, amelikaribia "pole" kuliko mtu mwingine yeyote asemaye Kiingereza.

Na jambo hilo limefika hadi bungeni. Kwa kuwa Wakanada huomba radhi hata pasipo kosa, ilihofiwa kwamba mtu aliyegongwa barabarani angeweza kushindwa kesi kwa sababu tu alitangulia kusema "sorry". Jimbo la British Columbia lilitunga sheria mwaka 2006, na Ontario ikafuata mwaka 2009, kwamba kuomba radhi kusihesabiwe mahakamani, katika kesi ya madai, kuwa ni kukiri kosa. Majimbo kadhaa ya Marekani yana sheria za jinsi hiyo pia, lakini nyingi zinawahusu waganga na wagonjwa wao. Huko Ontario inamlinda hata muuza samaki.

Habari ya choo nitaipita upesi, maana hili ni toleo la jamaa na labda mmo mezani. Mkanada huuliza kilipo "chumba cha kunawia", na Mmarekani huuliza kilipo "chumba cha kupumzikia". Hakuna hata mmoja anayekwenda huko kwa shughuli aliyoitaja. Lakini sisi tunaokwenda "kujisaidia" tusicheke sana.

Vipimo ndivyo vyenye kisa kirefu. Mkanada wa Windsor akimpigia simu rafiki yake wa Detroit, ng'ambo ya mto, akamwambia kuwa leo nje ni nyuzi 30, yeye anazungumzia Selsiasi, yaani joto la Dar es Salaam. Rafiki yake anayehesabu kwa Farenhaiti atafikiria barafu. Kanada ilianza kuhamia vipimo vya meta na kilo katika miaka ya 1970: mwaka 1975 hali ya hewa ikatangazwa kwa Selsiasi, na mwaka 1977 mabango ya barabarani yakageuzwa kuwa ya kilometa. Marekani nayo ilitunga sheria mwaka 1975, ila ilisema kila apendaye na ahame kwa hiari yake. Watu hawakupenda, na hadithi ikaishia hapo.

Lakini kuhama nyumba huvunja vyombo. Tarehe 23 Julai, 1983, ndege mpya ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilikuwa ikitoka Montreal, kupitia Ottawa, kwenda Edmonton, na ndani yake walikuwamo watu 69. Ilikuwa miongoni mwa ndege za kwanza za shirika hilo zilizopima mafuta kwa kilo. Waliojaza mafuta na marubani, wote wakiwa wamezoea ratili, walipiga hesabu zao kwa ratili wakiamini kuwa ni kilo. Ratili ni chini ya nusu ya kilo. Kwa hiyo ndege ikaruka na chini ya nusu ya mafuta yaliyohitajiwa. Angani injini zote mbili zikazimika. Kwa bahati rubani Bob Pearson alikuwa na mazoea ya kurusha vile vyombo visivyo na injini vinavyoelea hewani kama mwewe. Aliielekeza ndege hadi Gimli, katika jimbo la Manitoba, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga, asijue kuwa uwanja huo umekwisha geuzwa kuwa mahali pa mashindano ya magari, na kwamba siku hiyo watu wamekuja na watoto wao kutazama. Ndege ikashuka kimya kimya. Gurudumu la mbele likakunjika, pua ikasuguana na lami, ikasimama. Hakufa mtu, si ndani wala nje.

Hata hivyo Mkanada hakurudi nyuma, wala hakufika mbele kabisa. Barabara anaipima kwa kilometa na tanuri la kuokea kwa Farenhaiti. Hewa ya nje ni Selsiasi, lakini kimo chake mwenyewe ni futi na uzito wake ni ratili. Seremala wetu anayenunua ubao wa inchi mbili kwa nne, halafu akapima mlango kwa sentimeta, hatamshangaa.

Ni vipimo hivyo hivyo vilivyosaidia kuleta maziwa ya mifuko. Galoni ilipoacha kutumika, viwanda vya chupa na maboksi ilibidi vibadilishe mitambo, lakini mfuko wa plastiki ni kuukata mfupi au mrefu tu. Hadi leo huko Ontario na Quebec mama wa nyumbani hununua lita nne katika mifuko mitatu, hutia mmoja ndani ya jagi, na kuukata pembe kwa mkasi. Mmarekani akiona hivyo huita wenzake waje watazame. Msomaji wa Nairobi atauliza kioja kiko wapi.

Wote wawili wana sikukuu ya kushukuru kwa mavuno, na wote humla bata mzinga, lakini Mkanada humla Jumatatu ya pili ya Oktoba na Mmarekani Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa kuwa kaskazini baridi haingoji. Wote wawili pia hudai kuwa walishinda vita vilivyoanza mwaka 1812. Wamarekani waliyateketeza majengo ya Bunge huko York, mji uitwao leo Toronto, mwaka 1813, na mwaka uliofuata Ikulu ya Washington ikachomwa moto. Mkanada akiwa na furaha husema "tuliichoma sisi". Waliochoma walikuwa askari wa Uingereza, na nchi ya Kanada ilikuwa bado miaka zaidi ya 50 kuundwa. Walioshindwa kwa hakika ni wenyeji wa asili, waliokuwa na ardhi ile kabla ya wote wawili, na hao hakuna anayewatania.

Kuna tofauti moja ambayo Mkanada huitaja bila kucheka. Akivunjika mguu, hospitali haimletei hati ya kulipa. Mpango huo ulianzia katika jimbo la Saskatchewan mwaka 1962, madaktari wakagoma, serikali ya jimbo haikutetereka, na mwaka 1966 Bunge la nchi likaupitisha kwa majimbo yote. Ni kweli kwamba foleni ni ndefu na watu hunung'unika. Lakini watazamaji wa televisheni walipoulizwa mwaka 2004 Mkanada mkuu kuliko wote ni nani, hawakumchagua jemadari wala mchezaji. Walimchagua Tommy Douglas, mwanasiasa aliyeuasisi mpango huo. Mjukuu wake, Kiefer Sutherland, ni mwigizaji maarufu wa sinema za Marekani, na Wamarekani wengi humdhania kuwa mwenzao.

Sasa nirudi kwenye sharti la pili. Mwishoni mwa mwaka 2024 Donald Trump, aliyekuwa amechaguliwa lakini bado hajaapishwa, alianza kusema kuwa Kanada ingefaa kuwa jimbo la 51 la Marekani. Watu walidhani ni utani. Akarudia, na akarudia tena, na mapema mwaka 2025 bidhaa za Kanada zikapandishiwa ushuru. Hapo yule bwana wa kuomba radhi akageuka. Mwezi Machi maduka ya pombe ya serikali ya Ontario yaliondoa vinywaji vya Marekani rafuni. Wimbo wa taifa la Marekani ukazomewa viwanjani, jambo ambalo Mkanada hakulizoea. Baadhi ya mikahawa ikaifuta kahawa iitwayo "Americano" kwenye orodha, ikaandika "Canadiano". Na kutoka katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, ambamo mchezaji akibanwa ukutani huinua viwiko kujilinda, wakachukua wito wao: viwiko juu! Tarehe 20 Februari, 2025, timu hizo mbili zilipokutana fainali mjini Boston, Kanada ilishinda mabao 3 kwa 2 katika muda wa nyongeza. Siku hiyo, nadhani, Mmarekani aligundua kuwa ana mtani, na kuwa mtani huyo amenuna.

Kuna jengo moja, ndugu msomaji, ambalo limesimama juu ya mpaka wenyewe, kati ya Stanstead katika Quebec na Derby Line katika Vermont. Ni maktaba na ukumbi wa michezo, uliojengwa makusudi na familia ya Haskell na kuanza kutumika mwaka 1904. Mstari mweusi umechorwa sakafuni. Rafu za vitabu ziko Kanada na mlango wa mbele uko Marekani, na kwa zaidi ya miaka 100 Mkanada alizunguka kwa miguu na kuingia kwa mlango huo bila kuulizwa pasi. Mwaka 2025 wakuu wa Marekani walitangaza kuukomesha utaratibu huo. Maktaba ikachangisha fedha, michango ikaja kutoka pande zote mbili, ili mlango wa dharura ulio upande wa Kanada ugeuzwe kuwa wa kuingilia. Ghorofani jukwaa liko Kanada na viti vilivyo vingi viko Marekani. Mwimbaji anaimba katika nchi moja, na makofi yanatoka katika nchi nyingine.