Tamthilia bora ya mwaka: bora kwa nani?

Kila mwaka unapokaribia kwisha, magazeti ya nchi za mbali hutangaza tamthilia fupi bora za televisheni, zile zenye sehemu nne, tano au nane, ambazo hadithi yake huanza na kumalizika bila kuburuzwa miaka nenda miaka rudi. Nasi huku Rusizi huzipokea orodha hizo kama zilivyo. Hubishana juu yake, kisha hutafuta nakala Kamembe.

Ndugu msomaji, mchuuzi wa mpakani hanunui sambaza kwa kusikia sifa. Huzishika, huzinusa, ndipo anapotoa fedha. Kwa nini hadithi zinazotuhusu tuzinunue kwa sifa za mbali?

Tuchukue mfano wa mwaka 2018. BBC ilionyesha Black Earth Rising, yenye sehemu 8, iliyoandikwa na kuongozwa na Hugo Blick wa Uingereza. Inahusu yaliyofuata baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Michaela Coel anaigiza Kate, binti wa Kinyarwanda aliyelelewa Uingereza, ambaye anagundua kwamba aliyoambiwa kuhusu asili yake hayakuwa yote. Ni kazi nzuri, sikatai. Swali lake linatugusa sisi tuliosoma ugenini, tulioijua nchi yetu kwa masimulizi ya wazazi kabla ya kuiona kwa macho. Lakini sehemu za Rwanda zilipigwa picha Ghana, na mazungumzo mengi ni ya Kiingereza. Wanaotawala hadithi ni mawakili, majenerali na wakubwa wa serikali. Mama anayeamka alfajiri kuwahi soko hana nafasi kubwa humo.

Sasa tutazame mwaka 2022. Netflix ilitoa Country Queen kutoka Kenya, yenye sehemu 6. Akisa, anayeigizwa na Melissa Kiplagat, anarudi kijijini kwao baada ya miaka 10 Nairobi, akakuta kampuni ya madini inaiwania ardhi ya watu wake. Wahusika wanazungumza Kiswahili, Kikamba na Kiingereza, wakichanganya kama tunavyochanganya sisi sokoni. Haina fedha za BBC, na mahali pengine inaonekana. Hata hivyo, nani kati yetu asiyejua kurudi nyumbani ukaulizwa kwa macho, "Ulikuwa wapi siku zote?" Na nani anayeishi jirani na Kivu asiyejua maana ya madini chini ya shamba la maskini?

Nikiambiwa nichague kati ya hizo mbili, nachagua ya pili. Akisa si mhanga wala shahidi tu. Ana kazi, ana madeni ya moyo, ana makosa yake, na ana neno la kusema juu ya ardhi yake.

Wapo watakaosema kwamba ubora ni ubora, hauna mpaka. Ni kweli, kamera mbovu ni mbovu popote. Lakini mimi ni mwalimu. Mtoto anayeona watu wa kwao wakitokea kwenye televisheni siku ya kuuawa tu hujifunza kwamba maisha yao mengine hayastahili kusimuliwa. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si kikombe cha mshindi.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Basi vituo vyetu vya televisheni vinunue tamthilia za majirani, viziweke saa za jioni watu wakiwa nyumbani, na maandishi ya Kinyarwanda yawekwe chini. Majaji wa nchini wanaotoa tuzo wawaite pia wachuuzi, walimu na waliorudi kutoka ugenini waseme walichokiona. Na vijana wetu wenye kamera waandike sehemu tano tu juu ya daraja la Rusizi: nani anavuka, amebeba nini, anamwacha nani nyuma.

Ikitoka hiyo, tutaishika na kuinusa kama sambaza. Ikiwa imeoza tutasema. Ikiwa safi, hatutangoja mtu wa mbali atuambie kwamba ndiyo bora ya mwaka.